Saa za Sola na Betri ya Kutafutwa kwa Tochi

Mwenye saa ya sola iliyokufa huwa na lalamiko moja tu: si walisema hii haibadilishwi betri? Walisema kweli, na matangazo yaliimba hivyo kwa miaka mingi. Ambacho hakikutangazwa ni kwamba jua halisukumi akrabu lenyewe. Jua linatoa umeme kidogo kwenye paneli, umeme unaingia kwenye seli ndogo iliyojibanza nyuma ya mashine, na saa inakula kutoka kwenye seli hiyo usiku na mchana. Paneli inaweza kudumu miaka arobaini na bado ikatoa umeme. Seli haina umri huo.

Kwa hiyo siku inafika. Mtu ana Citizen aliyoachiwa na marehemu baba yake, au Seiko aliyoletewa na mjomba kutoka Maskati enzi za maduka matupu, anaipeleka kwa fundi saa wa Kariakoo, River Road au Darajani. Fundi anafungua mgongo, anabana kioo chake jichoni, anachungulia kidogo, halafu anainua kichwa. "Mzee, betri ya hii haipo mjini. Nikuwekee ya kawaida?"

Ukikubali harakaharaka, saa itatembea. Utaondoka umefurahi, umelipa pesa ndogo. Baada ya miezi kadhaa utakuta imesimama tena, na safari hii mgongo ukifunguliwa ndani kuna chumvichumvi nyeupe na kutu ya kijani iliyokwishatafuna shaba ya mashine. Betri ya kawaida haikutengenezwa kupokea umeme. Paneli inaisukumia chaji kila ukitoka nje, gesi inajaa ndani yake, na mwisho inatema maji. Fundi hakukuibia. Amekupa alichokuwa nacho.

Kujua unachotafuta kunataka kurudi nyuma kidogo, maana saa za sola za miaka ya 70 na za miaka ya 90 ni watu wa kabila tofauti kabisa, ingawa zote zimeandikwa neno lile lile usoni.

Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Synchronar, kazi ya mhandisi wa Marekani aitwaye Roger Riehl, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 70. Hata leo inashangaza kuitazama. Sehemu ya juu, pale ambapo saa nyingine zina uso, imefunikwa na vipande vya sola. Wakati unausoma ubavuni, kwa tarakimu nyekundu za LED, hivyo dereva anaweza kuangalia saa mkono ukiwa bado kwenye usukani. Ndani mna seli za nikeli na kadimi, ndugu wa zile betri za kuchaji tulizozizoea kwenye tochi za zamani. Riehl aliogopa maji na vumbi kiasi kwamba mashine yote aliizika ndani ya bonge la plastiki ngumu. Maji hayakuingia, ni kweli. Lakini seli zilipozeeka, na fundi naye hakuwa na pa kuingilia.

Mwaka 1976 Citizen ya Japani ikatoa Crystron Solar Cell, saa ya kwanza ya akrabu iliyotumia mwanga. Vipande vya sola vilikuwa wazi usoni, vyeusi, vimepangwa kama vigae, na hakuna aliyejaribu kuvificha. Kipindi kile kuonekana una sola ilikuwa ndiyo fahari yenyewe. Baada ya hapo zikamiminika: Seiko, Alba, Casio, na kundi kubwa la saa za tarakimu kutoka Hong Kong zenye majina ambayo leo hakuna anayeyakumbuka. Nyingine kati ya hizo za bei chee zilikuwa feki kwa namna ya kuchekesha: ule mstari mweusi juu ya kioo ulikuwa urembo mtupu, na ndani mlikaa betri ya kawaida. Kabla hujaanza kuhangaikia seli ya kuchaji, ni vizuri kuhakikisha kwamba kuna waya au mguso wowote unaotoka kwenye hiyo paneli kwenda mahali.

Saa nyingi za sola za kipindi kile zilitumia seli za fedha, yaani oksidi ya fedha na zinki, zilizotengenezwa makusudi ziweze kuchajiwa. Kwa macho zinafanana na betri ya fedha ya kawaida, na volti zake ni zile zile, 1.55. Tofauti ipo ndani. Ile ya kuchaji ilijengwa kuvumilia umeme unaorudi, lakini hata yenyewe ilichoka: zinki huota vijitawi vidogo ndani ya seli, vijitawi vikavuka upande wa pili, na hapo seli imekwisha. Leo viwanda haviitengenezi tena kwa ajili ya saa kama zamani. Nikeli na kadimi nazo zilibanwa na sheria, kwa kuwa kadimi ni sumu. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2006 liliiondoa kwenye betri nyingi ndogo.

Hapa ndipo wauzaji wajanja hujitokeza na seli za "zamani ambazo hazijatumika", zikiwa bado kwenye kadi yake ya mwaka 1982. Usidanganyike na kadi nzuri. Seli huzeeka hata ikiwa kwenye droo ya dukani, bila kuonja saa hata siku moja. Kwa seli ya kuchaji ya miaka arobaini, unanunua kumbukumbu ya kuweka kabatini.

Kwa saa hizi kongwe, basi, huwa hakuna seli ya kutafuta. Kuna uamuzi wa kufanya. Wapo wanaojaribu kutia seli za lithiamu za kisasa, na hesabu yao si ya kipuuzi, ila inataka uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Kipande kimoja cha sola cha silikoni hutoa kama nusu volti. Ukiviunganisha vinne kwa mfululizo unapata volti mbili hivi, na dayodi inayozuia umeme usirudi usiku inakata sehemu yake. Fundi wa kiwandani alipanga idadi ya vipande ili seli ya volti 1.55 ishibe isipasuke. Ukiweka seli ya volti 3, haitajaa kamwe, na mashine yenyewe iliyotengenezwa kwa volti moja na nusu inaweza kuungua. Ukiweka ya nikeli ya volti 1.2, saa ya tarakimu inaweza kufifia kioo hadi usione kitu. Seli za nikeli za umbo la kitufe bado zipo madukani, za aina isiyo na kadimi, lakini nyingi ni nene mno kwa mgongo wa saa ya mkono.

Mimi ningeshauri njia isiyo na sifa kubwa. Tenganisha paneli na betri, kisha weka betri ya fedha ya kawaida yenye kipimo sahihi. Usikate waya. Weka kipande chembamba cha plastiki au gundi ya karatasi pale mguso wa paneli unapogusa mashine, andika kwenye karatasi ndogo ulichofanya, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na saa. Paneli itabaki pale usoni, itaendelea kung'aa, na saa itatembea mwaka au zaidi kwa betri ya bei ya soda. Wakusanyaji wenye msimamo mkali watanuna kwamba hiyo si saa ya sola tena. Wanaweza kununa. Siku seli nzuri ikipatikana, plastiki inatolewa kwa kibano na saa inarudi ilivyokuwa, jambo ambalo mashine iliyotafunwa na maji ya betri haiwezi kukuahidi.

Habari ni tofauti, na njema zaidi, ukiingia miaka ya 90. Mwaka 1995 Citizen ilitoa jina la Eco-Drive, na kufikia 1998 hata G-Shock ilikuwa na sola, kwenye DW-9300 ambayo wapenzi wake huiita Raysman. Uso wa saa haukuwa tena na vigae vyeusi. Paneli ilifichwa chini ya uso unaopitisha mwanga, na mtu asiyejua hawezi kuotea kama saa ni ya sola. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa kwenye seli. Lithiamu iliingia, na seli za aina hiyo bado zinatengenezwa.

Kwenye Citizen nyingi utakutana na seli ya Panasonic ya ukoo wa MT, ambayo upande mmoja ina manganizi na upande wa pili lithiamu na titani. MT920 ina kipenyo cha milimita 9.5 na unene wa milimita 2 hivi, na volti zake ni 1.5. Ujazo wake ni milia-ampea-saa 5, ambao ni mdogo kupindukia. Betri ya CR2032 ya rimoti ya gari ina zaidi ya mara arobaini ya huo. Lakini mashine ya akrabu inakunywa kama sehemu moja ya milioni ya ampea. Piga hesabu: saa 5,000, yaani siku 208. Ndiyo maana Eco-Drive iliyojaa chaji inaweza kukaa gizani miezi sita hivi ikitembea.

Gizani, hata hivyo, ndiko saa hizi hufia. Seli ya lithiamu ikikaushwa kabisa kisha ikaachwa hivyo miaka mitano ndani ya sanduku la vitu vya marehemu, hujeruhika. Anayeivaa saa ya sola kila siku huwa haoni tatizo hata baada ya miaka kumi na tano. Anayeitunza kwa heshima, imefungwa kwenye kitambaa chini ya kanga kabatini, ndiye anayekuja kwa fundi. Jua la pwani nalo lina hila yake. Saa ikiachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa Februari ili ichaji vizuri, inapikwa, na vijitabu vya watengenezaji huonya dhidi ya joto la nyuzi 60. Iweke dirishani, au juani huku imefunikwa na kitambaa chepesi, na uiguse mara kwa mara. Ikiunguza mkono, iondoe.

Hilo la kuiweka mwangani lifanywe kwanza, kabla ya kutafuta seli yoyote. Saa iliyolala njaa siku nyingi inaweza kuhitaji siku mbili tatu za mwanga mkali kabla haijaamka. Akrabu ya sekunde ikianza kuruka sekunde mbili mbili, ni ishara nzuri: Citizen na Seiko hufanya hivyo makusudi kusema chaji ni kidogo. Ikiendelea kuruka hivyo hata baada ya jua la kutosha, au ikatembea mchana na kusimama alfajiri, hapo seli haishiki tena chaji na safari ya kuitafuta imeanza.

Usitafute kwa jina la saa. Ukimwambia muuzaji "betri ya Citizen ya sola" utapewa chochote kinachotosha kwenye tundu. Geuza saa. Mgongoni mwa Citizen kuna mfululizo wa herufi na namba, na vile vinne vya mwanzo, kwa mfano E168, ndivyo jina la mashine. Seiko nao huandika vivyo hivyo, V157 kwa mfano, ikifuatiwa na kistari na namba ya bodi. Casio huweka namba ya mashine, mara nyingi tarakimu nne, ndani ya kijisanduku kidogo mgongoni. Namba hiyo ya mashine ndiyo inayojua seli yake. Kwa E168, spea ya Citizen inaanzia na 295, nayo ndani yake ni hiyo MT920 iliyochomelewa vijimasikio viwili vya chuma.

Vijimasikio hivyo vina maana yake. Huchomelewa kiwandani kwa cheche ya umeme ya nukta moja, na umbo lake linafanya betri ya kawaida isikae vizuri kwenye tundu, kwa usalama. Wapo mafundi wanaonunua seli tupu ya MT920 kwa bei rahisi halafu wanajaribu kulehemu masikio ya seli ya zamani kwa risasi. Joto la chuma cha kulehemu linaingia ndani ya seli moja kwa moja na kuiua, au kuipasua usoni mwa fundi. Tafuta yenye masikio, hata kama bei ni mara tatu.

Casio inaleta mtego mwingine. Saa nyingi za sola za G-Shock, mfano GW-M5610, zinatumia seli iitwayo CTL1616. Namba hizo nne za mwisho ni vipimo tu: kipenyo milimita 16, unene 1.6. Sasa angalia kwenye kibanda chochote cha rimoti: kuna CR1616, mviringo ule ule, unene ule ule, inaingia kwenye tundu bila kulazimishwa. Saa inawaka papo hapo, tena kwa kioo cheusi vizuri. CR ni lithiamu ya kutumika mara moja, haichajiwi, na ikichajiwa inaweza kuvimba, kuvuja au kupasuka ikiwa imefungwa kwenye mkono wa mtu. Kibanda kitakuuzia kwa sababu kwao betri ni saizi.

Kuna na wale wanaochakachua: wanafuta CR, wanaandika CTL. Hapa mita ya umeme, ile ndogo ya fundi redio, inamaliza mabishano. Weka kwenye volti za DC, ncha nyekundu upande mpana wenye alama ya kujumlisha, nyeusi upande mwingine. CR mpya itasoma 3 au zaidi kidogo. CTL1616 husoma karibu na 2.3. Muuzaji akikataa usipime, rudisha pesa yako mfukoni.

Na ukishaipata CTL halisi ukaiweka, saa inaweza kubaki kimya na ukadhani umeibiwa. Pembeni mwa seli, kwenye mashine, kuna nukta ndogo ya shaba iliyoandikwa AC. Unashika kibano cha chuma, ncha moja kwenye nukta hiyo, nyingine juu ya seli, sekunde mbili. Kioo kinawaka tarakimu zote kwa pamoja, kisha saa inaanza upya. Mafundi wengi wasiozoea Casio hawaijui nukta hiyo, na saa nzima kabisa zimetangazwa kufa kwa ajili yake. Kabla ya kufunga mgongo, angalia ringi ya mpira: kama imekuwa bapa au inakatika ukiivuta, badilisha, la sivyo saa iliyoogelea miaka ishirini itaingiza jasho wiki ya kwanza.

Katikati ya saa za miaka ya 70 na hizi za lithiamu kuna kizazi kinachosahaulika, cha miaka ya 80 na mwanzo wa 90, ambacho baadhi ya saa zake hazikuwa na seli kabisa bali kapasita. Saa ilitembea siku chache tu gizani, na kapasita ikizeeka inakuwa saa ya nusu siku. Seiko ilipitia hayo na Kinetic zake, ambazo huchajiwa kwa mtikisiko wa mkono wala si kwa jua, na baadaye ikatoa seti ya kubadilisha kapasita kwa seli ya lithiamu. Ukiambiwa na fundi kwamba saa yako ina "kapasita", muulize kama kuna seti ya lithiamu ya mashine hiyo kabla hujanunua kapasita nyingine.

Linalobaki ni kuifikisha nyumbani. Seli hizi hupatikana kwa wauzaji wa spea za saa huko Ulaya, Japani na Marekani, lakini wengi wakisikia Dar es Salaam au Mombasa wanakataa. Si ubaguzi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na posta nyingi zimeweka masharti magumu zaidi ya hapo. Baadhi ya wauzaji hawataki kabisa usumbufu wa makaratasi kwa kitu chenye uzito wa tembe ya dawa.

Kwa hiyo mkondo wa zamani unarudi: mjomba yule yule wa Maskati, au mpwa anayesoma London, au jirani anayekwenda Deira kununua bidhaa. Abiria anaruhusiwa kubeba betri ndogo za akiba kwenye begi la mkononi, siyo kwenye begi linaloingia chini ya ndege, na kila moja iwe kwenye pakiti yake ili nyuso zisigusane na chuma. Mtumie picha ya mgongo wa saa na picha ya seli ya zamani, pande zote mbili. Mwambie asome tarehe kwenye pakiti kabla ya kulipa, na asiache muuzaji amshawishi achukue tatu kwa punguzo, maana hizo mbili za ziada zitazeeka kwenye droo yako.